Figo baada ya moyo kupasuliwa

Msikilizaji wa Kitale na Bungoma, mgonjwa akitoka kupasuliwa moyo Tenwek kule Bomet, jamaa huulizia kidonda. Mimi ningeulizia mkojo. Mashine inayoshika zamu ya moyo wakati wa upasuaji huweza kuziacha figo zimeumia, na kreatinini, kipimo cha figo tulichozoea, huchukua siku moja hadi tatu kupanda. Mwaka 2005 watafiti wa Cincinnati, Marekani, walichapisha vipimo vya watoto 71: kwa walioumia figo, protini iitwayo NGAL ilipanda saa mbili tu baada ya upasuaji. Saa mbili ni kama safari ya matatu, Bungoma hadi Eldoret, barabara ikikubali. NGAL haitibu; humwamsha daktari mapema. Nawe, mgonjwa wako akisharudi nyumbani, usimnunulie diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, kabla ya kumuuliza daktari wake.