Siku Moja Katika Njia ya Mtae

Alfajiri twaliondoka Rangwi kwenda Mtae, mbingu ikiwa safi. Hata ilipopata saa nne ukungu ukatufunika, tusimwone mwenzetu aliyetangulia. Maana pepo za Bahari ya Hindi hupanda milima ya Usambara, hupoa, nazo humwaga maji yake huku juu. (Wenye miavuli wasijivune; upepo uliipindua yote.) Vijana walitaka kuendelea, mzee wetu akaketi juu ya jiwe, akakataa kuondoka. Tukaketi naye mvuani. Upepo ulipoufumua ukungu, tukaona ukingo wa jabali hatua chache mbele yetu, na chini kabisa tambarare ya Mkomazi, kavu, inawaka jua. Mchunga mbuzi akatuonyesha njia, nayo ilikuwa mkono wa kushoto.