Afya ya Anayelipwa kwa Siku: Kenya Baada ya Korona



Kafyu ya korona ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kila mtu alitakiwa awe nyumbani kufikia saa moja jioni. Kwa mwenye mshahara huo ulikuwa usumbufu tu. Mama mboga wa Mathare au Kibera alinyang'anywa saa zake za mauzo, maana wateja wake ni vibarua wanaorudi jioni kutoka viwandani na kwenye mijengo. Sukuma wiki iliyolala haina bei asubuhi. Saa za kafyu zilikuja kulegezwa, lakini mtaji wake ulikuwa umeshaliwa.

Hoja yangu ni kwamba mipango yetu ya afya humfikiria kwanza anayelipwa mwisho wa mwezi. Tuliambiwa tunawe mikono kila mara kwa maji yanayotiririka. Shauri zuri, ila katika mitaa ya mabanda maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na lita moja huwa ghali kuliko kwa mwenye bomba ndani ya nyumba. Mama ana watoto watano na mtungi mmoja: apike, afue, au wanawe? Ibara ya 43 ya Katiba imempa haki ya maji safi ya kutosha tangu 2010.

Wapo watakaosema hayo yamepita. Hayajapita. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma, ilipoanza Oktoba 2024, asiye na mshahara alikadiriwa mchango usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, kisha akatakiwa alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa anayekula alichopata leo! Naomba alipe kidogo kidogo kwa simu, kama anavyochanga kwenye chama chake, na atibiwe tangu malipo ya kwanza. Asiyejiweza kabisa alipiwe na serikali, kama sheria ya 2023 inavyotaka.

Jambo moja limenipa moyo. Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 walikabidhiwa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Wakati wa korona wengi wao walikuwa wakijitolea tu. Sasa posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Bado ni kidogo mno kwa mtu anayetembelea nyumba zipatazo 100, anayejua nani ana kifua kikuu na nani ameacha dawa kwa kukosa chakula cha kunywea. Apewe mkataba, na malipo yasicheleweshwe.

Vilevile mhamasishaji asikilizwe amri kama ya kafyu zinapoandikwa. Yeye angeiambia serikali mapema kuhusu mauzo ya jioni. Napendekeza kila kamati ya dharura ya kaunti iwe na wahamasishaji wasiopungua wawili kutoka mitaa ya mabanda, tena wenye kura, na wateuliwe sasa kabla mlipuko mwingine haujatufikia.