Mizinga ya Umau
Hotuba ya kwaya ya kumkumbuka mlezi wetu, katika ibada ya shukrani ya yubilei ya miaka 50



Kamati ilipokaa kupanga siku hii, jambo la kwanza tulilokubaliana sote, kuanzia soprano hadi besi, ni kwamba hatuwezi kusherehekea miaka 50 bila kumtaja mzee wetu ambaye kiti chake leo kiko wazi. Majina yake kamili yamo katika daftari la washirika. Lakini kutoka sokoni hadi mtoni watu walimjua kwa jina moja tu: Umau, yaani babu kwa Kikamba. Hata waliomzidi umri walimwita hivyo.

Umau hakuwa mwimbaji. Tunasema ukweli, maana yeye mwenyewe alilisema hilo mbele za watu bila haya. Mwalimu wetu wa kwanza alimjaribu kwenye tena, akamjaribu kwenye besi, mwishowe akamwomba kwa heshima awe mlezi wa kwaya. Umau alicheka, akaenda zake nyumbani, na baada ya wiki kadhaa akarudi na ngoma begani.

Ngoma hiyo ndiyo mliyoisikia asubuhi ya leo. Aliichonga kutoka gogo la mukau ambalo lilikuwa fupi mno kwa mzinga. Watoto wetu wa mjini huenda hawajui, kwa hiyo tueleze. Mzinga wetu wa asili, mwatu, ni gogo lililochongwa ndani likawa wazi kutoka upande huu hadi huu, kisha likafunikwa kwa vifuniko vya mbao pande zote mbili na kutundikwa juu ya mti. Mukau hupendwa kwa kazi hiyo kwa sababu unachongeka vizuri na mchwa hauwezi. Umau alituambia kwamba mzinga na ngoma ni watoto wa mama mmoja. Wote wawili unawatoa moyo kwa tezo na patasi, polepole, bila kupasua ukuta. Mmoja unauachia nyuki, mwingine unauvika ngozi.

Alikuwa msanii wa kujifunza kwa macho. Ukambani sifa ya uchongaji ilienea kutokana na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kazi hiyo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nayo nyumbani. Umau alisimulia habari hiyo kila alipopata msikilizaji. Hata hivyo yeye hakuchonga twiga na vifaru vya watalii. Alichonga miiko, vigoda, fimbo za wazee na mimbari hii aliyosimama Mchungaji leo. Ukiisogelea utaona nyuki wadogo pembezoni. Watoto wa Shule ya Jumapili wamewahesabu mara nyingi na kila mara hupata idadi tofauti.

Alichora pia. Kinyozi, hoteli, kinu cha posho, duka la mbegu: maandishi yale mekundu na bluu ni mkono wake. Ukutani nyuma ya madhabahu alituchorea Mchungaji Mwema. Aliwahi kuona picha za Elimo Njau katika kanisa la Kianglikana kule Murang'a, zilizochorwa miaka ya 1950, ambamo habari za Kristo zinatokea katika nchi ya milima ya huko. Alirudi akisema kwamba sisi nasi tuna nchi. Ndiyo maana Mchungaji Mwema wetu amesimama chini ya mbuyu, na juu ya mbuyu pana mzinga. Ni kweli kwamba kondoo wake wana ndevu. Tulipomuuliza, alijibu kwamba amechunga mbuzi maisha yake yote, na mkono huchora unachokijua.

Sasa tuje kwenye asali, maana kwaya hii imelelewa na asali.

Tangu zamani Wakamba huchora alama ya ukoo kwenye mzinga ili kila mtu ajue mwenyewe ni nani. Umau alikuwa na mizinga mingi yenye alama ya ukoo wake. Lakini minne aliongeza msalaba kando ya alama hiyo, akasema hiyo ni ya kwaya. Akaipa majina: Soprano, Alto, Tena na Besi. Asali yake ndiyo iliyonunua sare zetu za kwanza. Ndiyo iliyolipa nauli tulipoalikwa mbali, na ndiyo iliyotengeneza kinanda kilipoharibika. Mwaka ambao mzinga wa Tena ulishinda ule wa Soprano kwa asali, ndugu zetu wa tena walitembea vifua mbele hadi Krismasi.

Wale kati yetu tuliowahi kumsindikiza wakati wa kurina tuliona ibada nyingine. Alipanda usiku, na mwenge wa moshi mkononi, bila haraka. Aliwasemesha nyuki kama mtu anavyowasemesha wenye nyumba. Alikata masega ya asali upande mmoja, na upande wenye majana hakuugusa. Alitufundisha kwamba anayekomba mzinga wote amekula asali ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Alitueleza pia kwamba nyuki mfanyakazi, katika maisha yake yote ya wiki chache, hutengeneza kama sehemu moja tu ya kumi na mbili ya kijiko cha chai. Hakutuhubiria juu ya hilo. Lakini kila mwanakwaya aliyewahi kuona sauti yake ni ndogo alilielewa.

Mnakumbuka pia miaka ya ukame, mvua za Novemba zilipokosekana na maua yakakosekana. Nyuki walihama. Mizinga ilining'inia mitupu, na watu wakamshauri aishushe aipasue iwe kuni. Alikataa. Alipanda, akafagia utando wa buibui, akapaka nta ndani ili harufu iwaite, akashuka, akangoja. Mvua iliporudi, nyuki nao walirudi, na kwenye mzinga wa Alto walitangulia kuliko wote.

Ndugu zetu, hapa ndipo tulipo leo. Mzee amelala, na mizinga ingali juu ya miti. Tangu mazishi, watu wa makaa wamefika bomani mara mbili kuulizia migunga ile. Mama, mjane wa Umau, aliwaandalia chai na kuwanyima miti. Lakini mama huyo hawezi kupanda mbuyu usiku, na wanawe wako kazini mbali. Mzinga usiotunzwa huliwa na nondo wa nta na sisimizi, na mti usio na mtu wa kuusemea huwa gunia.

Kwa hiyo, kwa idhini ya familia na baraka za Mchungaji, kwaya imeamua mambo matatu. Kwanza, ile mizinga minne tutaitunza sisi wenyewe, kila sauti mzinga wake. Vijana wawili wa besi walishajifunza kurina kwa Umau kabla hajaugua, nao watatufundisha wengine, wanawake kwa wanaume. Pili, sehemu ya asali itapelekwa kwa mama kila msimu kabla hatujauza hata chupa moja. Tatu, msimu huu wa mvua tutapanda mikau kwenye kiwanja cha kanisa. Mbegu ya mukau ni ngumu kuota na inataka mkono wa subira, lakini miche ipo tayari: Umau aliiotesha mwenyewe kwenye makopo nyuma ya nyumba yake.

Katika Walawi 25, mwaka wa 50 ulikuwa mwaka wa kupiga baragumu, na vilevile wa kila mtu kurudia urithi wake. Urithi wetu ni huu. Mti wa mukau utachukua miaka kumi na zaidi kabla ya kufaa kuchongwa. Baadhi yetu tunaoimba leo hatutaiona ngoma itakayotoka humo. Wataipiga watoto wanaohesabu nyuki wa mimbari.

Mama, watoto na wajukuu, asanteni kwa kutuazima baba yenu miaka yote hii. Washirika, baada ya ibada karibuni chini ya mwembe. Kuna chai, kuna mkate, na kuna asali ya mwisho aliyorina kwa mkono wake. Familia imesema iliwe leo, na iliwe na wote.

Mungu amlaze mzee wetu mahali pema, na aibariki kazi ya mikono yetu. Amina.