Juu ya Kufanya Sabuni Nyumbani



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya sabuni ifanywayo na akina mama wa chama chetu. Jambo hili si dogo, kwa kuwa wako waliokwisha kuipeleka sokoni, na mnunuzi aliyebabuka mikono harudi mara ya pili.

Sabuni ni mafuta yaliyoungana na kitu kikali kiitwacho kostiki soda. Viwili hivi vikikutana kwa kipimo, ukali hutoweka na mafuta hutoweka, ikabaki sabuni. Kostiki ikizidi, ziada yake hukaa ndani ya kipande na kula ngozi. Tena kila mafuta yana kipimo chake. Kilo moja ya mafuta ya ng'ombe, yaliyoyeyushwa na kuchujwa, hutoshewa na gramu 130 za kostiki; kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka gramu 170. Basi mtu aliyejifunza kwa shangazi yake wa Pwani, akakitumia kipimo kile kile kwa mafuta ya buchani, amefanya kitu cha kuwababua watoto. Kupima kwa kikombe au kijiko twakukataa kabisa. Mizani ndiyo ipimayo.

Wengine huuliza, kwa nini tununue kostiki, nasi tunayo magadi yetu kutoka Ziwa Magadi? Swali hili ni zuri. Magadi peke yake ni dhaifu, hayageuzi mafuta sawasawa. Yakichemshwa pamoja na chokaa iliyozimwa, hugeuka kuwa kostiki yenyewe ndani ya maji. Ila nguvu ya maji hayo haijulikani kwa macho, kwa hiyo hayafai kwa kazi ya kuuza. Maji ya majivu nayo hufanya sabuni, lakini huwa laini kama uji mzito, haikatiki vipande.

Kostiki humiminwa ndani ya maji. Maji yasimiminwe juu ya kostiki, maana hufoka. Sufuria ya alumini isitumike, kwani huliwa, tena hutoa hewa iwezayo kuwaka moto. Wala kostiki isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto akiiona chupa hiyo atakunywa, na njia yake ya chakula itaungua na kusinyaa, asiweze tena kumeza. Ikimwagikia ngozi, ioshwe kwa maji mengi papo hapo, wala si kwa ndimu.

Vipande vikiisha kukatwa, na viachwe wiki 4 mahali penye hewa, vikauke na kuiva. Twajua karo ya shule haingoji wiki 4, na hapa ndipo wengi hushindwa. Kwa sababu hiyo twauomba mkutano huu ukubali mambo mawili: mizani moja inunuliwe kwa fedha za chama, ikae kwa Mwenye Hazina, na kila boksi la sabuni liandikwe tarehe ya kumiminwa kabla halijatoka kwenda sokoni.