MIZANI NA DAFTARI: KUWAFUNZA WENYEJI WAWE VIONGOZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Nimetakiwa nizungumze nanyi juu ya kuwafunza wenyeji wa mahala wawe viongozi wa mahala hapo. Jambo hili husemwa sana, na mara nyingi likishasemwa huwa ndiyo limekwisha. Huchaguliwa mtu mmoja, naye aghlabu ni yule yule wa mwaka jana, akapelekwa mjini kusikiliza semina, akapewa posho na karatasi yenye muhuri, kisha akarudi na wenziwe wasione tafauti yoyote ila ile karatasi. Mimi ni mtu wa duka, na elimu yangu ni ya chuoni. Kwa hivyo mtaniwia radhi nikilipima jambo hili kwa vyombo ninavyovijua, navyo ni mizani na daftari.

Natutoke kwa fikra hapa kisiwani twende mpaka Nkome. Nkome iko bara, katika wilaya ya Geita, kando ya ziwa kuu ambalo ramani huliita Victoria. Watu wake wengi wanaishi kwa mitumbwi na nyavu kama wanavyoishi wengi wetu hapa. Geita siku hizi inajulikana kwa dhahabu, khasa tangu mgodi mkubwa ulipoanza kazi katika mwaka 2000. Lakini kabla ya hapo nchi ile ilikuwa ya pamba, na katika pamba ndimo lilimo somo letu.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mkulima wa Jimbo la Ziwa alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, ikawekwa katika mizani ambayo hajui kuisoma, akaandikiwa hati ambayo hajui kuisoma, akapokea fedha alizohisabiwa na mtu mwengine. Aliamini kwamba anapunjwa, lakini kuamini ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jengine. Wakulima wale hawakuanza kwa kumtafuta mkubwa wa kuwasemea. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wenye kujua tarakimu, wasimame mbele ya mizani na kuisoma kwa niaba ya wenye mali.

Zingatieni, ndugu zangu, ilivyokuwa kazi ile. Mpimaji alisimama hadharani siku ya soko. Alizitaja ratili, na mwenye pamba alikuwa hapo hapo akisikia. Akikosea, hukosea mbele ya watu. Akihongwa, hana pa kujificha. Sisi tuliosoma chuoni tunajua kwamba iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao vipimo, na kwa hakika hapana mafunzo ya uongozi yaliyo bora kuliko kumkabidhi mtu amana ndogo mbele ya macho ya wenye amana.

Kutokana na mwanzo ule vikazaliwa vyama vya ushirika vya wakulima. Bwana Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini akivipanga vyama hivyo, kisha akaenda Loughborough, Uingereza, kusomea kazi ya ushirika, akarudi nyumbani kuifanya. Katika mwaka 1955 vyama vile viliungana chini ya mwavuli mmoja, Victoria Federation of Cooperative Unions, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwa wakulima wenyewe. Walipata hata vinu vyao vya kuchambulia, na kinu cha Kasamwa, huko huko Geita, kilikuwa miongoni mwa vya mwanzo. Bwana Bomani akawa Waziri wa Fedha wa Tanganyika katika mwaka 1962.

Wala faida haikukomea sokoni. Serikali ya kikoloni ilipoilazimisha Geita kupokea baraza la mchanganyiko wa makabila yote ya rangi, watu hawakulikubali, na katika mwaka 1958 walikusanyika kwa maelfu na kwenda mpaka Mwanza kupeleka malalamiko yao, hata baraza lile likaondolewa. Mimi nadhani watu waliokwisha kuzoea kuuliza juu ya ratili hawaoni taabu kuuliza juu ya baraza.

Lakini hadithi haishii hapo, na khasara yake ndiyo inayotupasa kuitazama sana. Vyama vilikua upesi mno. Makarani wakaongezeka, magari yakaongezeka, majumba yakajengwa, na mwanachama wa kawaida akarudi kule kule alikokuwa: anapeleka pamba, anapewa hati, haelewi. Katika mwaka 1966 Serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikakuta ubadhirifu, upungufu wa watendaji wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa mambo ya vyama vyao wenyewe. Muungano ule wa Mwanza ukawekwa chini ya usimamizi wa Serikali. Katika mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na ikabidi ipitishwe sheria mpya katika mwaka 1982 ili virudi.

Nini kilichoharibika? Mafunzo yalikuwapo. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa Dar es Salaam katika mwaka 1961, na Chuo cha Ushirika, Moshi, katika mwaka 1963. Lakini chuo hupokea wachache. Alifunzwa mwenye kushika daftari, akasahauliwa mwenye mali iliyoandikwa ndani yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila khabari. Nami naongeza kwamba daftari lisilosomwa na wengi ni kama halipo.

Sasa turudi kando ya ziwa. Katika mialo ya nchi zote tatu zinazolizunguka, wavuvi wana vikundi vyao vya kulinda ziwa, vinavyoitwa BMU. Miongozo yao inataka kamati isiwe ya matajiri wa mitumbwi peke yao: wamo wenye vyombo, wamo wavuvi wa kuajiriwa, wamo wachuuzi wa samaki, na wanawake wasipungue watatu. Vile vile sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inawapa watu wazima wote wa kijiji cha bara mkutano mkuu wao, wenye haki ya kusomewa mapato na matumizi. Hiyo ni milango mizuri. Lakini mvuvi wa kuajiriwa aliyewekwa katika kamati pamoja na tajiri wake, naye hajui kusoma risiti wala hajazoea kusema mbele ya watu, atafanya nini ila kuitikia? Kiti amepewa, sauti hajapewa, na sauti hupatikana kwa mazoezi.

Ama sisi wa Visiwani haja yetu ni kubwa zaidi. Kwetu sheha huteuliwa, hachaguliwi na watu wa shehia yake, na kwa hivyo mazoezi ya kuchagua, kukagua na kuondoa hatuyapati hapo. Basi tuyapate wapi? Tuyapate katika vyama vyetu vya wavuvi, katika vikundi vya kinamama vya kuweka na kukopa, katika kamati za skuli na za visima, na katika tawi hili.

Natoa rai nne. Kwanza, hesabu za tawi zisomwe kila mwezi kwa sauti, na kila mwezi asome mtu mwengine, mwanamme na mwanamke, mzee na kijana. Pili, wachaguliwe wakaguzi wawili wasiokuwa katika kamati, na wabadilishwe kila mwaka. Tatu, kila mkutano wa tatu uongozwe na kijana, na Mwenyekiti akae pembeni amsahihishe baadaye kwa upole. Nne, atakayepelekwa semina asirudi na karatasi tu; awafunze watu watano aliyofunzwa kabla hajapelekwa tena. Hivi ndivyo tulivyosoma chuoni: aliyekwisha kuvuka juzuu humshika mkono aliye kwenye alifu, na mwalimu mmoja akatosha kwa watoto arobaini.

Najua wako watakaosema kwamba kuwafunza watu wote kukagua ni kuwafunza ugomvi. Mimi nimekaa nyuma ya mizani miaka mingi, na sijaona mteja aliyegombana kwa sababu ameisoma mizani mwenyewe. Wanaogombana ni wale waliopimiwa gizani.

Daftari la tawi liko mezani hapa. Asiyejua kulisoma na aje Jumamosi baada ya Isha, nami nitakuwapo na taa. Wabillahi tawfiq.