Mngazija Aliyekwenda Siberia

(Hotuba iliyotolewa Kaloleni, Kisumu)



Vitabu vingi vya safari tulivyosoma shuleni viliandikwa na wageni waliokuja kututazama sisi. Jioni hii nataka kuwaeleza habari za mtu wa upande wetu aliyekwenda kuwatazama wengine. Jina lake ni Salim bin Abakari, Mngazija, mtumishi wa Mjerumani aitwaye Dkt. Theodor Bumiller. Mwaka 1896, mwaka ule ule reli yetu ilipoanza kujengwa Mombasa, alifuatana na bwana wake katika Urusi hata Siberia.

Siberia ni kubwa mno. Kenya nzima yaingia humo zaidi ya mara 20. Wakati wa baridi mito yake mikubwa, kama Ob na Irtysh, huganda kwa miezi mingi, na zamani farasi walikokota mizigo juu ya maji hayo yaliyokuwa mawe. Hebu fikirini Ghuba ya Winam imeganda, na mtu atoke hapa Kisumu kwenda Homa Bay kwa miguu! Mvuvi hutoboa barafu kwanza, ndipo atumbukize ndoana. Upande wa kaskazini udongo wa chini hauyeyuki hata wakati wa joto.

Salim alikutana na Wakalmuki, na pia Wakirgizi, ambao wengi wao leo huitwa Wakazaki. Hao walikuwa wafugaji. Mahema yao ya mviringo yalifunikwa kwa sufi ya kondoo iliyoshindiliwa ikawa nzito kama zulia, na malisho yakiisha huyakunja na kuhama. Kinywaji chao kilikuwa maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Anayecheka na akumbuke maziwa lala ya nyumbani kwao! Wakirgizi walikuwa Waislamu, naye Salim Mwislamu; lugha zao mbalimbali, kibla chao kimoja.

Kwangu mimi, linalozidi yote ni kwamba mtumishi huyu alisimulia mwenyewe, tena kwa Kiswahili, aliyoyaona kwa macho yake. Bwana Carl Velten aliyapiga chapa maneno yake huko Göttingen mwaka 1901, katika kitabu "Safari za Wasuaheli". Reli ilikuwa inafika Kisumu mwaka huo huo.

Mwenye kupenda kuyasoma atayapata pia katika kitabu cha Lyndon Harries cha mwaka 1965, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Lakini aanze na Kiswahili.