Rafadha Ipasayo Chombo



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo kikaacho chini ya maji, ambacho wengi wetu hatukitazami mpaka kimevunjika. Kitu hicho ni rafadha, yaani yale mabawa ya madini yazungushwayo na mashine nyuma ya boti. Wengine huiita pangaboi, na mafundi wengi husema propela. Majina ni matatu lakini kitu ni kimoja, na kazi yake ni moja: kuyasukuma maji nyuma ili chombo kiende mbele.

Ukisimama pwani ya Bagamoyo alfajiri, utaona vyombo vya kila namna vikirudi kutoka baharini: ngalawa na mashua za tanga, na boti za mbao na za faiba zilizofungwa mashine tezini. Zamani bahari hii ilikuwa ya tanga peke yake. Nahodha aliyetaka kuvuka kwenda Unguja, mwendo wa maili za baharini zipatazo 24, aliutazama upepo kwanza, akajua kama asafiri au angoje. Mwenye mashine haungoji upepo, lakini amepata bwana mwingine wa kumtumikia, naye ni petroli. Rafadha isiyofaa hula petroli bure, huiua mashine kabla ya siku zake, na huweza kuwaacha watu katikati ya bahari.

Jambo hili hatukulisoma tu, bali lilitupata. Siku moja wakati wa kusi tulitoka Bagamoyo katika boti ya mbao kuelekea kusini, upepo ukitukabili. Tulikuwa watu saba, pamoja na nyavu na masanduku ya samaki wa kupelekwa sokoni Dar es Salaam. Mashine ilikuwa ya nguvu za farasi 40, nayo ilikuwa bado mpya. Mwenye boti alikuwa ameifunga rafadha aliyoinunua kwa sifa ya mbio, na kweli boti ilipokuwa tupu ilikwenda kama mshale. Lakini siku ile ya shehena mashine ilinguruma kwa sauti nzito kama mtu apandaye mlima na gunia kichwani. Tulipofika upande wa Mbweni ikapata moto mno, ikazimika. Tulipiga makasia mpaka jua likachwa, na samaki waliokuwa juu, mbali na barafu, wakaharibika.

Mwenye boti aliilaani mashine, akawa tayari kukopa fedha anunue nyingine ya nguvu za farasi 60. Ndipo fundi mmoja mzee alipoinama nyuma ya boti, akaisafisha rafadha kwa kidole, akasoma tarakimu zilizochorwa kitovuni mwake. Akasema, “Wanangu, mashine hii haina ugonjwa. Mmemvika mpagazi viatu vya mshindani wa mbio.”

Basi tarakimu hizo ni nini? Mara nyingi huwa mbili, kwa mfano 11 na 13, nazo ni inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lote ambalo mabawa hulizunguka. Ya pili ndiyo hatua ya rafadha. Ifikirini rafadha kama parafujo iingiayo katika ubao: ikizunguka mara moja huingia kiasi fulani. Rafadha ya hatua 13, kama maji yangekuwa magumu kama ubao, ingesogea inchi 13 kwa kila mzunguko mmoja.

Na tufanye hesabu, hasa ninyi wanafunzi. Mashine ikizunguka mara 5000 kwa dakika, na gia zake zikiipunguza mizunguko hiyo nusu, rafadha itazunguka mara 2500. Zidisheni kwa 13, mtapata inchi 32,500 kwa dakika, ambazo ni karibu maili 27 za baharini kwa saa. Kwa rafadha ya hatua 10 mtapata kama maili 20 na nusu. Lakini maji si ubao; huteleza, na chombo hakipati mwendo wote wa hesabu. Kwa boti nyepesi hupotea kiasi cha sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo. Kwa boti nzito hupotea nyingi kupita hizo.

Mtu akisikia hesabu hiyo atasema, “Basi na tuchague hatua ndefu.” Hapo ndipo penye mtego. Hatua ndefu yataka nguvu nyingi. Mashine ikielemewa haifikii mizunguko iliyoandikwa katika kitabu chake. Mafuta hayaungui vizuri, masizi hujaa ndani, joto huzidi, na pistoni huweza kuharibika. Hatua fupi kupita kiasi nayo ina hatari yake: mashine huzunguka kupita mpaka wake na kujichakaza, na chombo hakiongezi mwendo. Rafadha ipasayo i katikati.

Wala si sisi wa kwanza kudanganywa na umbo la rafadha. Mwaka 1836 Mwingereza mmoja, Francis Pettit Smith, alipata hati ya serikali kwa ajili ya parafujo yake ya kusukumia vyombo. Aliijaribu katika mfereji mjini London, nayo ilikuwa ya mbao, yenye mizunguko miwili kamili. Mwaka 1837 nusu yake ilivunjika kwa bahati mbaya. Watu walitazamia chombo kipungue mwendo, nacho kikaongeza! Ubora wa rafadha, basi, hautokani na ukubwa wake, bali na kulingana kwake na kazi.

Sasa mtauliza, tutajuaje rafadha ipi itufaayo? Kwanza, kijueni chombo chenu. Boti nyepesi yenye tumbo bapa huinuka na kuteleza juu ya maji, nayo huweza kufaidi hatua ndefu kidogo. Lakini mashua yenye tumbo la mviringo na mkuku mrefu haiinuki. Huyapasua maji, na mwendo wake una mpaka. Mashua ambayo urefu wake majini ni futi 25 hupita kwa shida sana maili 7 kwa saa, hata ifungwe mashine ya nguvu namna gani. Mwenye mashua ya namna hiyo anayenunua rafadha ya mbio ananunua moshi. Imfaayo ni rafadha pana yenye hatua fupi, ambayo hushika maji mengi na kuyasukuma polepole.

Pili, pimeni. Someni kitabu cha mashine mjue mizunguko itakiwayo mkono ukiwa umefunguliwa mpaka mwisho. Tuseme ni kati ya 4500 na 5500. Kisha tafuteni kijisaa cha kuhesabia mizunguko. Viko vidogo ambavyo waya wake huzungushiwa waya wa plagi tu, na watu wa diko moja waweza kuchanga fedha wakanunua kimoja. Pakieni boti kama siku ya kazi: watu wale wale, nyavu, barafu na petroli. Nendeni mahali penye kina, mkimbie kwa nguvu zote kwa muda mfupi, msome. Ikiwa mwataka kujua na mwendo, simu ya mkononi iwezayo kupima mwendo yatosha, lakini pimeni mkienda na mkirudi, maana mkondo wa maji husaidia upande mmoja na kuzuia upande wa pili.

Tatu, rekebisheni. Mafundi wana kanuni nyepesi: ukipunguza hatua kwa inchi moja, mizunguko huongezeka kwa kiasi cha 200 hivi. Boti ile yetu, ilipopimwa na shehena kwa rafadha ya hatua 13, ilifika 4300 tu. Ilipofungwa rafadha ya hatua 10 ikafika 4900. Ilipoteza mbio zake za siku ya utupu, lakini siku ya shehena iliinua omo na kwenda bila kunguruma. Mwenye boti hakununua mashine ya pili.

Kabla ya kuilaumu rafadha, tazameni pia jinsi mashine ilivyofungwa. Juu ya rafadha kuna bamba lililolala. Yafaa liwe sawasawa, au karibu sawasawa, na sehemu ya chini ya boti. Likiwa juu sana, rafadha huvuta hewa kutoka usoni pa maji, mashine ikapiga kelele na boti isiende. Hii hutokea mara nyingi katika mawimbi ya kusi, na hapana rafadha iwezayo kuponya kosa la fundi seremala.

Tena iko habari ya madini. Pwani yetu ya Bagamoyo ni ya mchanga na maji haba. Maji yakitoka hutoka mbali, na mafungu hujitokeza. Kwa kazi ya kila siku rafadha ya alumini yatosha: ni rahisi, na ikipindika fundi aweza kuinyosha. Ya chuma kisichoshika kutu ni imara na hudumu, lakini bei yake ni kubwa, na ikigonga mwamba pigo huweza kupita mpaka katika gia.

Mwisho, itunzeni. Bawa lililomeguka hutikisa mashine nzima na kupoteza petroli, lisiachwe hivyo kwa kuwa “bado yaenda.” Ivueni rafadha mara kwa mara mtazame kama uzi wa mshipi au wa wavu umejizungusha katika mti wake, kwa maana uzi huo hukata mpira uzuiao maji, na maji yakiingia katika gia oili hugeuka rangi kama maziwa. Na kila safari chukueni rafadha ya akiba, pini zake, na ufunguo wa kuifungulia. Rafadha iliyo nyumbani haimwokoi mtu aliye baharini.

Ndugu zetu, wazee wetu walijua kwamba tanga hukatwa kwa kipimo cha chombo. Hawakutweka tanga la jahazi juu ya ngalawa. Mashine nayo yataka akili ile ile. Kabla ya kukopa fedha kwa mashine kubwa zaidi, inameni nyuma ya boti, futeni matope, msome zile tarakimu mbili.

Kwaherini.